Amekataa Huduma

Jumanne ndiyo siku ya presha ya macho, na Jumanne hiyo mabenchi manne ya kliniki yalikuwa yamebeba watu wa mabenchi saba. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama wiki nzima kwenye saa nne kasoro kumi, kwa hiyo kila aliyeinua uso aliambiwa bado mapema. Mkuu wa idara hakusumbuka. Alikuwa na saa yake mkononi, na wakubwa hawasubiri kwa saa ya ukutani.

Fundi aliyeitwa kuitengeneza alikuja na ngazi begani. Mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, koti la kazi la buluu limefungwa vifungo vyote, shingoni ananing'iniza ile lenzi nyeusi ya kuweka jichoni, ameifunga kwa kamba ya kiatu. Akaisimamisha ngazi katikati ya watu, akapanda, akaanza kufungua skrubu.

Chini ya ngazi palikuwa na dirisha la miadi. Hapo alikaa karani ambaye wagonjwa wote walimwita Dada Miadi, maana jina lake la nyumbani hakuna aliyelihitaji. Blauzi nyeupe yenye ukosi ulionyooka, sketi ya marinda, kitambaa cha kijani kichwani. Mbele yake kisanduku cha mbao chenye kadi, kila mgonjwa na kadi yake, kila kadi imesimama kwenye tarehe yake.

"Fundi, vumbi lako lote linaingia kwenye kadi zangu."

"Funika kadi, dada. Vumbi hili lina miaka kumi na moja, ni la kuheshimiwa."

"Na wewe una heshima kiasi gani? Hata hodi hukupiga."

"Ningepiga hodi wapi, na mlango wenyewe umekaliwa?"

Benchi la kwanza likacheka, hata wale waliofungwa pamba jichoni. Fundi akashuka na saa kwapani, akanyoosha mkono wa kushoto kuweka skrubu kwenye ukingo wa dirisha, akaigonga glasi ya maji. Maji yakakimbilia kadi. Akaomba radhi, akageuka kuchukua kitambaa, akamkanyaga bibi mmoja aliyekaa hapo hapo upande wa kushoto tangu mwanzo.

Dada Miadi akaacha kufuta maji. Miaka sita ya kukaa dirishani ilikuwa imemfundisha jambo ambalo hakuna aliyemlipa kulijua: mtu anayegeuza shingo nzima ili aone kilicho karibu naye.

"Fundi, njoo. Tazama pua yangu. Usisogeze macho." Akanyoosha mkono pembeni. "Vidole vyangu vingapi?"

"Pua nzuri."

"Vidole, fundi."

"Vidole vipi?"

Karani hakucheka tena. Akamshika mkono wa koti, akampeleka kwa nesi mzee aliyekuwa akipima presha.

"Huyu hayumo kwenye orodha," nesi akasema.

"Mpime kwenye muda wangu wa chai," akasema karani.

Presha ya jicho haitakiwi kupita ishirini na moja. La kushoto lilisoma thelathini na sita, la kulia thelathini na moja. Daktari akamweleza polepole: ugonjwa huu hauumi, unakula kuona kwa pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Matone kila jioni, kipimo kila miezi mitatu, na matone mapya hutolewa siku ya kipimo. Fundi saa alikuwa mgonjwa wa ajabu kidogo. Kutwa nzima anafumba jicho moja, lingine analitia kwenye lenzi, anatazama gurudumu dogo kuliko punje ya mchele. Dunia yake yote iko katikati. Pembeni pangeibiwa pote, yeye angekuwa mtu wa mwisho kujua.

Alipotoka akaimalizia saa ya ukutani, na ilipoanza kutembea karani alikuwa anaandika kadi mpya.

"Namba yako ya simu."

"Ya nini?"

"Ya kukukumbusha kipimo."

"Basi andika na hii ya pili, ya dada yangu mkubwa. Nisipopokea mimi atapokea yeye."

"Kadi ina nafasi ya namba moja tu," akasema Dada Miadi, na hilo ni kweli. Kadi zilichapishwa ofisini kwa wakubwa, na wakubwa waliona namba moja inatosha.

Idara ilikuwa na simu yake ya kuwapigia wagonjwa. Lakini mkuu alikuwa amesikia kwamba wafanyakazi wanaitumia kuzungumza na wapenzi wao, akaifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Kazi ya kukumbusha wagonjwa ikabaki pale pale, ila sasa karani aitumie simu yake mwenyewe. Hivyo ndivyo namba ya hospitali ilivyokuwa namba ya Dada Miadi, na hivyo ndivyo mapenzi aliyoyakataza mkuu yalivyopata njia yake.

"Fundi, hujambo. Napiga kutoka kliniki ya macho. Umetia matone jana?"

"Nimetia. Kipimo si bado miezi miwili?"

"Tunafuatilia."

"Mnafuatilia wote, au mimi tu?"

"Wanaogonga glasi za watu ndio tunaanza nao."

Kesho yake akafuatilia tena. Wiki iliyofuata fundi ndiye aliyepiga, akasema matone yanawasha, kumbe hayawashi. Jumamosi Dada Miadi alifika kwenye kibanda cha fundi, pembeni ya duka la viatu, na saa ya mkononi iliyokufa tangu anasoma. Amevaa gauni la maua ya manjano, na manukato ambayo fundi aliyasikia kabla hajainua kichwa. Fundi akaifungua, akaisafisha, akaitia betri. Kisha akafanya kama anavyofanya siku zote: akapuliza kioo, akaugeuza mkono wa mteja, akaufunga mkanda, akaushikilia mkono ule karibu na sikio lake kidogo, kusikiliza.

"Inasemaje?" akauliza Dada Miadi.

"Inakimbia."

"Saa?"

"Sijui. Nasikia vitu viwili."

Basi ikawa hivyo. Jioni wakitembea barabara ya maduka, Dada Miadi upande wa kushoto wa fundi siku zote ili amlinde na nguzo na watu. Fundi akimwita mama wa miadi, akimwita kipenzi, na usiku matone hayaingii mpaka simu ilie.

"Umetia?"

"Nakusubiri wewe uniambie."

"Tia sasa, nasikiliza."

"Yanasikika, matone?"

"Wewe tia. Na kesho kutwa ni kipimo, saa mbili kamili. Nakusubiri kwa macho mawili, usiniangushe."

Kipimo hicho kilisoma kumi na nane na kumi na saba. Nesi mzee akapiga makofi mawili. Fundi akamwomba shangazi yake aende kwa mama yake Dada Miadi kusema maneno ya kwanza, na akanunua pete, akaiweka kwenye kisanduku cha saa ya kike, chini ya kitambaa.

Pete hiyo aliibeba mwenyewe kliniki siku moja ya Jumatano, mchana, bila kutoa taarifa. Amenyoa, amevaa shati jeupe la mikono mirefu, viatu vimepigwa rangi. Alipofika pembe ya ukumbi akamsikia kabla hajamwona. Dada Miadi alikuwa amempa mgongo, simu sikioni.

"Kipenzi changu, si uliniahidi? Kesho saa mbili kamili. Nakusubiri kwa macho mawili, usiniangushe." Akacheka, lile cheko la chini. "Haya, baba. Mimi ndiye nitakayekushika mkono."

Aliyekuwa upande wa pili wa simu ni mwalimu mstaafu wa miaka sabini na tisa, aliyeogopa sindano na aliyekwisha kutoroka upasuaji mara mbili. Laiti fundi angesogea hatua nne angeiona kadi ya mwalimu huyo mezani. Hakusogea. Akarudi na pete yake.

Jioni simu ikalia.

"Umetia matone, fundi wangu?"

"Ni wangapi leo umewaambia hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kwamba unawasubiri kwa macho mawili."

Dada Miadi alikuwa amechoka. Alikuwa amepiga simu tangu asubuhi kwa simu yake, sikio linawaka moto, na alidhani ni ule utani wao.

"Arobaini na mmoja, mpenzi. Na wawili walinijibu vizuri kuliko wewe."

Kisha simu ikakatwa. Fundi aliitazama ile namba kidogo, akaifungia isiingie tena kwenye simu yake.

Alipoifungia namba ile, aliifungia hospitali. Hakujua.

Siku ya tatu, baada ya simu zake kugonga ukuta, Dada Miadi alitoka kazini akaenda kibandani kwa miguu. Kutoka ng'ambo ya barabara alimwona. Mbele yake ameketi mwanamke mwenye kucha nyekundu, na fundi anapuliza kioo, anaugeuza mkono wake, anafunga mkanda, anauinua ule mkono karibu na sikio. Mwanamke anacheka. Dada Miadi aliisoma saa yake mwenyewe kama mtu anayechelewa mahali, akageuka.

Ndivyo walivyokuwa, hawa wawili. Mmoja aliionea wivu sauti ya kazi, mwingine akaionea wivu mikono ya kazi, na kila mmoja akaenda kukaa na hasira yake nyumbani.

Miezi mitatu ikatimia, kadi ya fundi ikafika mbele kwenye kisanduku.

Zamani, kabla ya mkuu huyu, mgonjwa asiyepokea simu kadi yake ilitiwa kwenye kopo la nesi mzee. Kila Ijumaa nesi alimpa mhudumu mmoja kadi za kwenye kopo, naye akapanda baiskeli kuwatafuta majumbani. Waliotafutwa walionekana, wengi wao. Lakini kopo hilo liliitwa la waliopotea, na idadi ya waliopotea ilitakiwa kuandikwa kwenye ripoti, na ripoti ilisomwa na wakubwa wa mkuu. Mkuu akaona kopo linamwaibisha. Akalifuta. Utaratibu mpya ukabandikwa ukutani kwa gundi: simu tatu, siku tatu, asipopokea andika "amekataa huduma", kadi itolewe. Aliyekataa hahesabiwi kuwa amepotea. Mwezi wa kwanza ripoti ilikuwa safi, mkuu akapongezwa kwa barua.

Dada Miadi alipiga siku ya kwanza. Akapiga siku ya pili. Siku ya tatu alipiga amejifungia stoo, na simu ilipokataa kama jana, akasema nayo hivyo hivyo: "Basi njoo upimwe tu. Usinitazame, njoo upimwe."

Akarudi dirishani, akachukua kalamu nyekundu.

"Huyu si fundi wako?" nesi mzee akauliza.

"Ni mgonjwa kama wengine."

"Mwanangu, mtu akafike kwake."

"Utaratibu unasema simu tatu."

"Utaratibu haukumpima macho. Mimi nilimpima."

"Mama, amenikataa," akasema Dada Miadi, sauti ikapasuka katikati. Akaandika maneno mawili, akaitoa kadi kwenye kisanduku. Maneno yale yalikuwa ya moyo wake. Kwenye kadi yalisomeka kama ya mgonjwa.

Fundi naye alikuwa anangoja. Matone yaliisha, akamwambia dada yake mkubwa, mshona mapazia aliyeishi naye, "Siku ikifika hospitali itanipigia." Siku ikapita. "Hospitali haina haraka, basi sina neno." Macho hayakuuma. Kwenye lenzi gurudumu lilionekana safi, jino kwa jino. Ni skrubu tu zilianza kumpotea. Ikitoka katikati ya meza ndiyo imekwenda. Akaanza kugongana na mlango wa duka la viatu. Muuza viatu akamtania kuwa amelewa mapenzi. Mwezi wa kumi bila matone alivuka barabara asiione pikipiki iliyotoka kushoto. Ilimpiga paja tu. Dada yake, aliyekuwa nyuma yake, alimtia kitambaa mbele ya jicho la kulia, palepale kando ya barabara, akamuuliza anaona nini.

"Umezima taa?" fundi akauliza. Ilikuwa saa sita mchana.

Jumanne iliyofuata dada yake alimleta amemshika mkono. Ngazi hakuna, koti la buluu linamning'inia. Dada Miadi alimwona tangu mlangoni, akasimama, kadi zikamwanguka. Hakuuliza namba. Aliwapitisha mbele ya mabenchi yote manne, na hakuna aliyelalamika.

Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki tundu, kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alisema watalipigania hilo tundu. Wakampanua mboni za macho kwa dawa, wakamkalisha kwenye chumba kidogo cha kungojea, na hapo Dada Miadi akaingia, akafunga mlango. Dada mkubwa wa fundi akabaki amekaa, mkoba mapajani.

"Ni wewe," akasema fundi. "Manukato ni yale yale."

"Ni mimi."

"Nataka kuuliza jambo la hospitali tu. Kwa nini hamkunipigia?"

"Nilikupigia mara tatu."

"Wewe, ndiyo. Najua nilikufungia wewe. Nauliza hospitali. Namba ya hospitali."

Dada Miadi akavuta kiti karibu.

"Nipe simu yako," akasema. Akaifungua pale palipoandikwa namba zilizofungiwa. Ilikuwa moja tu. "Ni hiyo. Hakuna nyingine. Haikuwahi kuwapo nyingine."

Dada yake mkubwa akaukaza mkoba kwa mikono miwili.

"Na kadi yangu? Waliandika nini? Sioni, nisomee."

Kadi ilikuwa mkononi mwa Dada Miadi. Nesi mzee ndiye aliyekuwa ameihifadhi miezi yote ile. Chumbani hapakuwa na mwingine wa kuisoma ila mshona mapazia, ambaye shule hakuiona. Dada Miadi angeweza kusoma tarehe tu. Angeweza kusema hapakuandikwa kitu.

"Imeandikwa amekataa huduma."

"Nani aliandika?"

"Mimi. Kwa mkono wangu. Nilikuja kibandani kwako kabla ya hapo, nikakuona umemshika mkono mwanamke mwenye kucha nyekundu, unamsikiliza."

"Nilikuwa nasikiliza saa."

"Najua. Nilijua nikiwa nimefika nyumbani. Nikaona aibu kurudi."

"Na yule uliyekuwa ukimsubiri kwa macho mawili?"

"Mwalimu mzee. Alikuwa anaogopa sindano."

"Alikuja?"

"Alikuja. Sasa anaona."

Fundi akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha ndani yake. "Afadhali mmoja alikusikiliza."

Mkuu wa idara aliitisha kikao Alhamisi. Alikaa kwenye kile kiti kinachozunguka, ripoti mbele yake.

"Simu tatu zilipigwa?"

"Zilipigwa," akasema Dada Miadi.

"Basi idara haina kosa. Kosa ni la mfanyakazi kuchanganya kazi na mapenzi kwenye simu binafsi."

"Simu ya idara iko kabatini kwako."

"Usibadilishe mada."

Nesi mzee akasema kopo lirudishwe. Mkuu akasema hoja imepokelewa. Dada Miadi akahamishiwa stoo ya mashuka, kuhesabu foronya. Mkuu yeye mwaka huo huo alipanda cheo, akaenda kupanga utaratibu wa hospitali nzima. Simu ya idara, kwa niliyosikia, iko kabatini hata leo. Chaji iliisha zamani.

Jumapili Dada Miadi alikwenda kibandani. Fundi alikuwa anapanga vifaa kwenye boksi, anavipapasa kimoja kimoja; muuza viatu alikuwa amekwisha kukichukua kibanda. Dada Miadi alivaa lile gauni la maua ya manjano. Hakujua kama rangi itaonekana.

"Nioe," akasema. "Nitakuwa upande wako wa kushoto maisha yote."

Fundi akaendelea kupanga. Alipokifikia kisanduku cha saa ya kike alikifungua, akamwonyesha pete chini ya kitambaa, akakifunga tena.

"Siku ile nilikuja nayo. Ningesogea hatua nne tu." Akakitia boksini. "Sikuchukii, mama wa miadi. Ningekuchukia ingekuwa rahisi. Lakini nikikuoa, kila ukinishika mkono utakuwa unalipa, na mimi kila nikijikwaa nitakuwa nakudai. Malipo na deni hayo yatakaa nyumba moja nasi, yatuue."

"Na mapenzi?"

"Yapo. Yakae tu huko yaliko."

Akamwomba mkono. Akapuliza kioo cha saa yake, akaufunga mkanda upya tundu moja ndani maana mkono ulikuwa umekonda, akauinua karibu na sikio. Akasikiliza kwa muda mrefu kuliko saa inavyohitaji. Kisha akamwachia.

Fundi sasa anakaa na dada yake, anapima vitambaa vya mapazia kwa vidole. Lile tundu la jicho la kulia bado lipo. Kila miezi mitatu, siku moja kabla ya kipimo, simu yake hulia mchana, na namba ni ile ile, aliyokwisha kuifungulia, kutoka stoo ya mashuka. Kazi hiyo si yake tena. Hakuna aliyemtuma.

"Kesho saa mbili kamili," husema Dada Miadi. "Uje na mtu, watakupanua macho. Nakusubiri..." Hapo husita.

"Malizia."

"Usiniangushe."

Fundi huuliza lile lile analouliza kila mara.

"Ni wangapi leo umewaambia hivyo?"

"Mmoja."